Kabla hujabadilisha transista, tafuta kwanza kilichoziua

Vijana wa PA, hawa wa vyombo vya sauti vya sherehe, hapa Nairobi huniuliza sana kwa nini bado natembea na amplifaya za miaka ya sabini na themanini, zile za transfoma kubwa zinazobebwa na watu wawili, na dukani kuna mashini nyepesi za klasi D, aina inayowasha na kuzima transista zake kwa kasi sana, ambazo mtu anashika kwa mkono mmoja na zimeandikwa maelfu ya wati. Wengi wanangoja niseme ni sauti, ati ya zamani ina utamu wake. Hapana, si hiyo. Ukiweka amplifaya mbili nzuri, moja ya zamani na moja ya sasa, zote zikiwa nzima na hazijasukumwa mpaka taa nyekundu, watu walio kwa hema hawatajua ni ipi inalia. Mimi nazipenda kwa sababu ya kitu kingine kabisa: zinafunguka. Natoa skrubu, naona kila kipande kwa macho, naweza kufuata njia ya sauti kutoka mlango wa kuingilia hadi kwa spika na nikapata penye shida, halafu nikashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, nikarudi na kipande. Zile nyepesi zikikufa mara nyingi unaambiwa ununue bodi nzima, na hiyo bodi hakuna mtu anayo.

Lakini kuna jambo linaniuma, ndio nimekaa chini kuandika. Hizi mashini nyingi hapa mjini haziuliwi na uzee. Zinauliwa na matengenezo ya haraka. Mtu analeta amplifaya imekufa, fundi anapima transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, anapata zimeungana, yaani stima inapita ndani yake bila kizuizi, anazing'oa anaweka zingine, inalia, anachukua pesa yake. Baada ya wiki chache imerudi ikiwa vilevile. Transista kuungua ni matokeo tu. Kuna kitu kiliziua na hicho kitu bado kiko ndani kinangoja zile mpya.

Wacha nitoe mfano mmoja niufuate mpaka mwisho, manake hapo ndio mambo yote yako.

Mama mmoja anayekodisha hema, viti na vyombo vya sauti upande wa Githurai aliniletea amplifaya ya Kimarekani ya zamani, ya klasi AB, ule muundo wa kawaida wa zamani, transista za chuma zimepangwa safu mbili kwa hitisinki, lile bamba la kutoa joto. Ilikuwa imetengenezwa kwingine mara kadhaa.

"Fundi, hii kitu imenimaliza. Kila nikiitoa kwa fundi inalia, nikiipeleka kazi inakufa."

"Mama, ilikufa saa ngapi?"

"Saa tisa hivi. Watu wako katikati ya kucheza."

"Asubuhi ulipoijaribu?"

"Ililia vizuri kabisa, niliiwasha mwenyewe."

"Na ile mara ya kwanza?"

"Harusi pia. Mchana."

Ukisikia hivyo usikimbilie mita, kaa ufikirie kwanza. Mashini inayolia sawa asubuhi ikiwa baridi na kufa saa tisa kwa jua ndani ya hema inakuambia tatizo ni joto. Nikafungua. Transista za mwisho upande mmoja zimeungana, sawa, hiyo nilitarajia. Nilichokuwa natafuta ni ile transista ndogo ambayo haipeleki sauti popote, inayofungwa kwenye hitisinki karibu na zile kubwa. Kazi yake ni kuhisi joto. Transista ya silikoni kila ikipanda digrii moja ya Selsiasi, volti inayohitaji ili ifunguke inashuka kama milivolti 2. Kwa hivyo ukiiacha na volti ileile ikiwa moto itapitisha mkondo mwingi zaidi, mkondo ukizidi joto linazidi, joto likizidi mkondo unazidi tena, na hapo hakuna breki mpaka kitu kilipuke. Hiyo ndogo ndiyo breki. Inahisi hitisinki ikipata moto na inapunguza bayasi, ile volti ndogo inayoziweka transista kubwa tayari, pole pole.

Kwa hii ya mama, hiyo transista ndogo ilikuwa inaning'inia hewani kwa waya zake. Skrubu hakuna. Alama ya grisi nyeupe iliyokauka kwa hitisinki ilionyesha ilikuwa inakaa hapo zamani, kisha mtu akaifungua wakati wa matengenezo fulani na hakuirudisha. Yaani kila transista mpya iliyowekwa baada ya hapo ilikuwa imeshahukumiwa siku ileile ilipowekwa. Nikairudisha kwa skrubu moja na grisi kidogo.

Sikuishia hapo. Nilibadilisha safu nzima ya upande ule, si zile zilizokufa peke yake, manake zile zilizobaki zilibeba mzigo wa wenzao kwa muda na huwezi kuziamini. Zile za kati zinazosukuma hizo kubwa pia zilikuwa zimeguswa. Risista za emita, zile zilizofungwa kwa mguu mmoja wa kila transista kubwa, nikapima moja moja, moja ilikuwa imekatika kabisa na kwa nje inaonekana mpya. Kisha nikaweka bayasi. Kwa risista ya omu 0.33 ukiona milivolti 10 unajua kama miliampu 30 zinapita, na kiasi kamili unakipata kwa kitabu cha mashini yenyewe, si kwa kukisia. Halafu kuna jaribio ninalolipenda na linachukua dakika chache tu: nachukua blodraya ya nywele napuliza hitisinki huku mita iko kwa ile risista. Milivolti zikikaa au zikishuka, breki inafanya kazi. Zikianza kupanda na haziachi kupanda, zima, bado hujamaliza. Ya mama zilishuka. Nikaifunga kwa risista kubwa za kuiga spika ikafanya kazi mchana kutwa kabla sijampigia simu.

Sasa kuhusu transista zenyewe. Feki ziko, na ziko nyingi. Nilinunua moja imeandikwa MJ15024, hiyo kwa haki inafaa kuhimili volti 250 na ampea 16, herufi zake zinang'aa kuliko za kweli. Bei ilinifanya nishuku. Nikaikata kofia na msumeno wa chuma. Ndani ya transista ya kweli ya aina hiyo unapata kipande kipana cha silikoni kimekaa juu ya bamba zito la kusambaza joto, nyaya ni nene. Ndani ya ile kulikuwa na kakipande kadogo kama punje ya mchele, na nyaya mbili nyembamba. Hiyo ni transista ya redio imevalishwa koti la mtu mkubwa. Ukiiweka kwa mashini yenye volti 80 juu na 80 chini inaweza kufa kabla hata hujaweka muziki, halafu wewe fundi unaanza kutafuta makosa ambayo hayako.

Siku hizi nina kisanduku nilichotengeneza, kinatoa volti 300 kupitia risista kubwa sana kiasi kwamba hakiwezi kuunguza kitu, nachomeka transista naona inavunjika kwa volti ngapi. Ikiandikwa 250 na inavunjika kwa 70 narudisha dukani. Wauzaji wazuri wapo pale Luthuli, watu ambao ukiwaambia hii si yenyewe wanakurudishia pesa bila kelele na wanakuambia ukweli kama hawana. Ukimpata mmoja wa hivyo mshike, usihangaike na wa shilingi hamsini pungufu. Na sikia, 2N3055 si dawa ya kila kitu. Ni ya volti 60. Iko kila kibanda na ni rahisi ndiyo sababu watu wanaibandika mahali popote, lakini amplifaya kubwa ya shoo haiihitaji hata kidogo.

Kifaa muhimu kuliko vyote kwa meza yangu ni balbu. Balbu ya zamani ya waya, wati 100, imefungwa kwa mfululizo na stima inayoingia kwa amplifaya. Ukiwasha mashini isiyo na shida, balbu inawaka kwa nguvu kwa muda mfupi kapasita, zile za kuhifadhi stima, zikijaa kisha inafifia. Ikiwaka na ikakaa ikiwaka, kuna kitu kimeungana ndani, zima, na hujaunguza chochote kipya. Ya LED haifanyi hii kazi kabisa, na za waya zinazidi kupotea madukani, kwa hivyo ukiziona nunua kadhaa uweke. Ile mirija ya halojeni ya taa za zamani za ulinzi inafaa pia kwa transfoma kubwa, manake nayo ni ya waya. Fundi anayebadilisha transista za bei ghali na kuchomeka mashini moja kwa moja ukutani, ajue anacheza kamari na pesa ya mteja.

Kabla ya kuunganisha spika yoyote pima volti ya DC, ile stima isiyogeuka mwelekeo, kwa milango ya spika. Milivolti chache ni sawa, hata 30 au 40 kwa mashini ya zamani sitalala macho. Ikipita 100 natafuta sababu. Ikiwa ni volti nyingi, basi hiyo spika uliyokuwa unataka kuunganisha ingekuwa hita, koili inaungua wufa ikiwa imesukumwa nje na hata muziki hujapiga.

Kapasita kubwa za kuhifadhi stima ziheshimu. Moja ya mikrofaradi 10,000 kwa volti 80 imebeba juli 32, inatosha kuyeyusha ncha ya bisibisi na kukurusha mkono ugonge kitu kingine. Nimeona watu wanazimaliza kwa kupiga bisibisi katikati, cheche inaruka wanacheka. Tumia risista ya wati kadhaa, ngoja, kisha pima uhakikishe. Zikiwa zimevimba kichwa au amplifaya inanguruma sauti nzito hata ukitoa kebo ya kuingilia, muda wake umefika.

Kuhusu rilei nitasema kwa kifupi: sauti ikipotea ukipunguza na ikirudi ukiongeza kwa nguvu, ni rilei ya spika, ile swichi ya sumaku inayounganisha spika, imeshika kutu, badilisha, usikwangue na msasa. Milango ya jeki nayo hivyohivyo. Vumbi nalo, jamani, hili vumbi letu jekundu pamoja na moshi wa nyama choma linafanya blanketi juu ya hitisinki. Brashi laini, hewa, na ushike feni isizunguke unapopuliza.

Sasa kitu ambacho kinaweza kuua mtu, na hapa naomba msome polepole. Mashini nyingi za Marekani zinafika zimekatwa plagi na mtu hapa anaweka ya pini tatu. Rangi za waya za Marekani ni nyeusi kwa laivu, nyeupe kwa nyutro, kijani kwa arthi, yaani waya wa ardhi. Kwenye waya za zamani za Kiingereza ambazo bado ziko kwa nyumba nyingi za Nairobi, laivu ni nyekundu na NYEUSI NI NYUTRO. Za sasa laivu ni kahawia na nyutro ni bluu. Unaona hatari ilipo. Fundi aliyezoea nyekundu na nyeusi anaona nyeusi, anaipeleka kwa nyutro bila kufikiria mara mbili. Mashini inalia kama kawaida, hakuna anayejua. Lakini swichi na fyuzi sasa ziko upande wa nyutro, kwa hivyo ukizima, ndani bado kuna stima ya volti 240 inangoja kidole. Kila mashini inayoingia kwangu nafungua plagi kwanza, hata kama imeletwa kwa shida nyingine kabisa.

Halafu kuna hesabu ya volti na ya 50 Hz, yaani mizunguko ya stima kwa sekunde. Mashini ya volti 120 peke yake ukiichomeka kwa 240 yetu imeisha. Nyingi za kazi za jukwaani zilikuwa na transfoma yenye waya za kubadilisha, unaunganisha upya inakuwa 240, angalia mchoro. Lakini kuna zile zilizopigiwa hesabu ya 60 Hz tu: volti ileile kwa 50 Hz inapandisha sumaku ndani ya chuma kwa asilimia 20, na kama mtengenezaji alibana chuma ili apunguze gharama, transfoma itanguruma na kupata moto hata bila muziki. Ndiyo sababu kwa pesa yangu napenda za ex-UK, zilizotumika Uingereza, zimeshaishi na 240 na 50 Hz kama yetu. Usishangae ukipata Crown, ya kampuni ya Kimarekani, imeandikwa Amcron, ni kampuni ileile, waliuza kwa jina hilo nje ya Marekani. DC-300 yao ilitoka mwaka wa 1967, wati 150 kila upande kwa omu 8, na bado kuna zinazolia. Peavey CS-800 kutoka Mississippi nayo ni punda wa kazi, zilitengenezwa nyingi sana kiasi kwamba michoro na vipuri havijakauka.

Ukikutana na QSC za zamani, kampuni nyingine ya Marekani, tulia kidogo. Pale kolekta za transista, sehemu iliyounganishwa na chuma chao cha nje, zimefungwa moja kwa moja kwa chuma cha mashini bila mika, kile kikaratasi cha kuzuia stima, na ni stima ya ndani inayopanda na kushuka na sauti. Ni ubunifu mzuri, joto linatoka haraka. Lakini ukishika oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha umbo la stima kwa kioo, na kubana klipu yake ya arthi mahali umezoea kubana, katikati ya zile kapasita kubwa, umeunganisha sauti yenyewe na ardhi. Soma mchoro kwanza, kila mara. Na zile za Uingereza za mosfeti (aina nyingine ya transista) za Hitachi, 2SK134 na 2SJ49, ni tamu kutengeneza kwa sababu zikipata moto zinajipunguza zenyewe, ila tafadhali usiweke mosfeti za IRF mahali pake ati ni mosfeti zote. Miguu imepangwa tofauti, kile chuma cha nje ni kitu tofauti, bayasi ni tofauti, na tabia yake kwa joto inaweza kuwa kinyume. Exicon wanatengeneza za aina ileile ya Hitachi, ni ghali, agiza hizo au uache.

Kwa kazi yenyewe ya kupiga shoo, mashini ya zamani inauliwa na vitu viwili, omu na hewa. Spika nne za omu 8 ukizifunga sambamba ni omu 2, na mashini ikiunganishwa bridji, chaneli mbili zikisukuma mzigo mmoja pamoja, kila upande unaona nusu ya omu za spika, kwa hivyo kabati la omu 4 linakuwa omu 2 kwa kila chaneli. Mwenye sherehe akisema sauti haitoshi, kuongeza makabati kwa amplifaya ileile ni kumuua farasi. Na ukienda kununua yenye wati mara mbili umepata desibeli 3 tu, watu watasikia tofauti ndogo. Mara nyingi kusogeza spika karibu na watu na kuziinua juu ya vichwa kunafanya zaidi. Hewa nayo: usifunge mashini mbili kwa rafu moja inapumulia nyingine, na usiziache kwa jua halafu unashangaa saa tisa.

Jenereta pima kabla ya kuchomeka chochote. Jenereta ndogo isiyo na mzigo inaweza kutoa volti 260 au 270. Ipe kwanza mzigo kidogo, taa kadhaa za waya au birika, pima tena, kisha miksa, kisha amplifaya moja, ngoja, kisha ya pili, manake transfoma kubwa inavuta mkondo mwingi sana inapowashwa. Wakati wa kuzima anza na amplifaya.

Na ule mngurumo wa arthi, unaotokea vyombo vikiunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja: usikate waya wa kijani wa plagi. Najua inanyamaza. Najua pasta ako kwa jukwaa na saa imefika. Lakini mpiga gitaa ameshika nyuzi na mdomo uko kwa maiki ya chuma, na siku kitu kikivuja ndani ya ile mashini isiyo na arthi njia ya stima itakuwa kifua chake. Weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwa njia ya sauti, au kata shildi (waya wa nje wa kukinga) ya kebo ya balansi, ile yenye waya mbili za sauti ndani, upande wa amplifaya peke yake. Zote mbili zinanyamazisha na hakuna mtu ataumia.

Kwa wale wanaotaka kununua yao ya kwanza, nenda na bisibisi, mita na ile balbu, na umwambie muuzaji mapema kwamba utafungua kifuniko. Angalia safu ya transista kama namba zinafanana, ukiona tatu za kampuni moja na ya nne jina lingine, hapo pameshaungua mara moja. Nusa. Tafuta skrubu zilizokosekana na ile transista ndogo ya joto kama iko mahali pake. Washa kwa balbu, pima DC, kisha iache iwake dakika ishirini ukiongea mambo mengine, shika hitisinki pande zote mbili, zinafaa kulingana joto. Feni ikiwa imekufa usiogope, za milimita 120 zinapatikana, ila mwonyeshe muuzaji na umwombe ashushe bei.